Mchezaji Aliyeuzwa Mara Sita

Feni ya sebuleni kwangu ina bawa moja lililopinda. Ikizunguka inasema tak, tak, tak mchana kutwa, na kila mgeni anayeingia ananiuliza, mzee, mbona hutengenezi feni? Namjibu: hiyo feni iligongwa na kichwa cha mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka Amerika, mtu aliyelipwa miaka kumi na mitatu kwa kazi ya kuruka. Tangu darajani mpaka soko la mifugo, nionyeshe nyumba nyingine hapa Garissa yenye feni iliyogongwa hivyo. Hakuna. Basi sitengenezi.

Mimi ni dalali wa ngamia. Shule nilifika darasa la tatu, nikaona mwalimu ana viatu vilivyotoboka kuliko vyangu, nikajiuliza huyu ananipeleka wapi. Nilianza na mbuzi mmoja, tena kiwete. Leo nina lori, nina nyumba ya mawe, na ngamia akiingia sokoni kutoka Modogashe nikimtazama anavyotembea tu nitakwambia amelala njiani mara ngapi na mwenye kumswaga ana hasira au hana. Sijisifu. Wengine wanasifiwa na watu, mimi watu wangu wako na kazi nyingi, kwa hivyo najisaidia.

Lakini katika nyumba hiyo ya mawe mwenye neno ni mama yangu. Mimi najenga, yeye anaamua. Yeye anakaa juu ya mkeka wake karibu na dirisha, na nje ya dirisha wako mbuzi wake, na kati ya yeye na mbuzi yuko binti yangu wa tatu, ambaye kila alfajiri ndiye alikuwa akiwakamua kabla ya kwenda shule.

Huyo binti ana miaka kumi na mitano na ana mikono mirefu. Sijui ameitoa wapi, maana kwetu sisi ni watu wa kimo cha kadiri. Shule yao ya wasichana ina uwanja wa saruji wenye kikapu kimoja kizima na kingine ambacho kimebaki chuma tu, na hapo wanacheza na hijabu zao na suruali ndani ya nguo ndefu, jua linachoma mpaka mpira wenyewe unanuka. Nilikuwa naona ni mchezo. Kisha akaja yule Mmarekani.

Alikuwa amestaafu, anazunguka akifundisha watoto. Mwalimu mkuu alinipigia simu kwa sababu gari la shule halikumtosha. Walijaribu kumwingiza wakabakiwa na miguu nje. Basi mgeni wa Amerika aliingia Garissa kwa lori langu la mifugo, mbele, karibu nami, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza siri, na watoto wakikimbia nyuma wakipiga kelele, "Twiga! Twiga!" Yeye akiwapungia mkono. Mimi pia nikipunga. Watu wengi walidhani nimemnunua.

Alikaa wiki moja. Katikati ya wiki alichagua wasichana wawili wa kwenda shule ya bweni Nairobi, shule ambayo inafundisha vitabu na mpira pamoja, miaka minne, bila ada. Mmoja alikuwa binti yangu. Alileta barua nyumbani Jumatano, imekunjwa vizuri, inataka sahihi ya mzazi, na lazima irudi kabla Mmarekani hajaondoka Jumamosi asubuhi.

Sahihi ninayo, tena ina mikia miwili. Lakini katika nyumba yetu sahihi yangu bila neno la mama ni chapa bila moto.

Mama alisikia, akasema, "Anakwenda Nairobi kutupa mpira?"

"Ndiyo, Hooyo." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Akishautupa, nani anauokota?"

"Kuna watu, Hooyo."

"Na mbuzi wangu nani anawakamua?"

Nikasema tutaona. Akasema, "Basi nami nitaona," na huo ulikuwa mwisho. Binti yangu hakulia. Alichukua barua akaiweka chini ya sinia la vikombe, ili isipate kukunjamana. Hilo lilinichoma kuliko kama angelia, maana mtu akikusitiria barua namna hiyo amekuamini, na mimi watu wakiniamini huwa natokwa jasho.

Nikapanga. Kama nimewahi kumuuzia mtu wa Wajir ngamia mwenye chongo kwa kumsimamisha upande mzuri, siwezi kumuuzia mama yangu Mmarekani mmoja mzima? Mama akimpenda Mmarekani, ataipenda na barua yake. Nikamwalika chakula cha mchana, Ijumaa baada ya swala.

Wali ulipikwa, mbuzi akachinjwa, nundu ya ngamia ikachemshwa, ndizi zikapangwa, maziwa ya ngamia yakawekwa kwenye jagi kubwa. Mmarekani akaja amevaa shati lenye mikono mirefu kwa heshima. Alivua viatu mlangoni. Viatu vile vilikaa pale kama mitumbwi miwili na kuku mmoja akaingia ndani ya kimoja. Akainama kupita mlango, akaona amepita salama, akajinyoosha.

Tak!

"Bismillahi!" mama akasema. "Huyu amesimama chini au amepanda juu ya kitu?"

Kichwa hakikuumia. Feni ndiyo mnayoijua. Nikaizima, na mgeni akaanza kukaa. Nasema akaanza kwa sababu ilichukua muda: kwanza goti moja, kisha mkono, kisha goti la pili, kisha akajikunja mpaka magoti yakafika masikioni. Mama alitazama kazi hiyo yote bila kupepesa, vile tunavyomtazama ngamia anapolazwa.

"Goti la kulia ni bovu," akasema.

Binti yangu akamwambia mgeni kwa Kiingereza. Mgeni akashangaa sana. Akasema madaktari wa kwao waliingiza goti hilo kwenye mashine tatu kabla ya kusema hivyo. Mama akasema mashine hazijawahi kuchunga.

Hapa nikaona biashara inaanza vizuri, nikamnyamazisha binti. Nikasema mimi ndiye nitatafsiri. Kiingereza changu si kingi lakini kina nguvu.

Mama akaanza pale mtu wa kwetu anapoanzia. "Muulize ni mwana wa nani."

Kwetu mgeni akiulizwa hivyo anataja baba, babu, baba wa babu, mpaka kumi na tano, ishirini, na wewe unasikiliza mpaka mahali mtakapokutana, kisha mnakula. Mmarekani akamtaja baba. Akamtaja babu. Akakwama. Akacheka kidogo kwa aibu, akatazama wali.

Dalali mzuri anajua mnyama akikwama usimvute, mzungushe. Nikamwambia, "Timu! Sema timu!" Uso wake ukafunguka. Akazitaja timu zake zote alizochezea, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, haraka, bila kuvuta pumzi, kama mtoto wetu anavyotaja mababu. Zilikuwa saba. Mama akaitikia kwa kichwa kila moja. Hakujua hata moja, lakini anajua mtu anayetaja vizuri.

"Anasema nini?"

"Hooyo," nikasema, "anasema amekaa katika koo saba, na zote zilimpenda sana, na zilipoachana naye zililia."

Dalali hasemi uongo. Anaupanga ukweli upande wenye nyama.

Binti yangu akakohoa. Mama akanitazama, akamtazama yeye. "Msichana, sema wewe."

Akasema. Huyo hajui biashara, amesoma. "Ayeyo, aliuzwa. Mara sita." Ayeyo kwetu ni bibi.

Mkono wa mama ukasimama juu ya sinia. Mnafahamu maana yake? Ngamia aliyeuzwa mara moja, mwenye ngamia alikuwa na shida. Mara mbili, bahati mbaya. Mara sita, huyo mnyama ana ila, na kazi ya kila aliyemnunua ilikuwa ni kumpata mjinga mwingine kabla ya mvua.

"Anauma?" mama akauliza.

"Hapana, Ayeyo."

"Anapiga teke?"

Binti akauliza. Mmarekani akasema hapana, mara moja tu, na alitozwa faini.

"Anakataa mzigo?"

Mmarekani akafikiri. Akasema ila yake ilikuwa moja: mtupo wa bure. Binti akaeleza. Ukichezewa vibaya, mchezo unasimamishwa, watu wote wanarudi nyuma, unapewa mpira utupe peke yako kikapuni bila mtu kukuzuia.

"Hakuna anayemzuia?"

"Hakuna."

"Na kikapu hakitembei?"

"Hakitembei, Ayeyo."

"Na anakosa?"

"Nusu."

Mama akamtazama Mmarekani kwa huruma kubwa, akamsogezea ndizi.

Mimi jasho linanitoka. Nikasema tuache habari za kuuzwa, tule. Mama akasema hapana, anataka kujua aliuzwa kwa nini na nini, kila mara. Basi Mmarekani akaeleza akihesabu kwa vile vidole vyake, kila kimoja urefu wa sindano ya kushonea magunia. Mara ya kwanza alibadilishwa na wachezaji wawili. Mama akasema si mbaya. Mara ya pili alibadilishwa na mmoja, na juu yake pesa. Akasema sawa. Mara ya tatu alibadilishwa na kijana ambaye atachaguliwa.

"Atachaguliwa lini?"

"Baada ya miaka miwili, Ayeyo. Kila mwaka timu zinachagua vijana wapya. Hii timu ilimtoa yeye, ikapewa zamu ya kuchagua."

"Kijana mwenyewe yuko wapi?"

"Hayuko bado. Hajulikani. Labda wakati huo alikuwa anasoma."

Mama akaweka kijiko chini. "Walitoa mtu mzima, mwenye meno yote, wakachukua kilicho tumboni?"

Binti hakutafsiri hiyo. Hakujua aanzie wapi.

"Haramu!" mama akasema, na sauti ile mbuzi waliisikia nje. "Haramu! Hakuna anayeuza ndama aliye tumboni! Utajua ni dume au jike? Utajua atazaliwa mzima? Hata huyu," akakiokota kijiko akanielekezea, "na ujinga wake wote, hawezi kufanya hivyo."

Ni kweli siwezi. Kila dalali anajua hilo hata kabla ya kujua kuhesabu. Uliza sheikh yeyote. Nilijaribu mara moja tu nikiwa kijana, na wazee walinirudisha kutoka Balambala mpaka hapa kwa miguu.

Mama akaketi wima akatoa hukumu. Mauzo ya tatu ni batili. Na kama ya tatu ni batili, ya nne ni batili, ya tano na ya sita pia, kwa sababu waliouza waliuza kisicho chao. "Mwambie," akasema, "mbele ya Mungu yeye bado ni wa timu ya tatu. Hajaondoka. Wamrudishe."

Binti yangu akatafsiri yote, polepole, na mara hii sikumkatiza.

Mmarekani alikuwa ameshika tonge. Akalirudisha kwenye sahani. Nilidhani atacheka, na alicheka, lakini kwanza alipangusa jicho kwa kifundo cha mkono. Akasema hiyo timu ya tatu ndiyo aliyoipenda. Katika mji huo alinunua nyumba, mtoto wake akazaliwa, alijua muuza mikate kwa jina. Siku alipouzwa hakuambiwa na mtu. Alikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, redio ikasema jina lake na mji mwingine. Kinyozi akazima mashine. Mmarekani akapigiwa simu aende uwanja wa ndege sasa hivi, akaenda, na picha yake ya kwanza katika timu mpya ana nywele upande mmoja.

Tulicheka sana. Hata mama. Kisha mama akaacha.

"Hawakumwambia?" akasema. "Mimi ngamia wangu nikimuuza, asubuhi nampeleka maji mwenyewe, naweka mkono shingoni, namwambia. Ngamia!" Akachukua kipande cha nundu chenye mafuta, kile ninachokilaga mimi, akamwekea Mmarekani kwenye sahani. Akaagiza samli iletwe, apakwe goti.

Nikaona nimefaulu. Mama amempenda! Nikamwashiria binti kwa nyusi alete barua. Akaichomoa chini ya sinia la vikombe.

Mama akaiona. "Na sasa," akasema, "mnataka mjukuu wangu aingie soko hilohilo."

Ndugu msomaji, mimi nimeuza miaka ishirini na tano, na sijawahi kufanya kosa kama hilo. Nilimsifu mnyama mpaka mnunuzi akamwonea huruma, akakataa kununua.

Mmarekani akasema haraka kwamba hii ni shule tu, hakuna anayeuzwa.

Mama akamjibu, "Na wewe ulipoanza, si ulianzia shule?"

Angeweza kupanga ukweli. Mimi ningepanga. Lakini alitazama lile goti lake linalong'aa samli, akasema, "Ni kweli, Mama. Nilianzia shule." Binti yangu akaanza kuikunja barua katika mikunjo yake ya zamani, bila haraka, mstari juu ya mstari.

Nadhani mama alipenda lile jibu. Akaisogeza sahani yake, akasema, "Mtu asiyepatana kabla ya safari atagombana njiani. Lete shali."

Huo ndio utaratibu wa sokoni kwetu. Wanaopatana wanashikana mikono chini ya kitambaa, na vidole vinasema. Kidole hiki ni kiasi hiki, ukibana mara mbili ni kiasi kile. Macho ya watu yanaona kitambaa tu. Kitambaa kikianguka, kile mkono ulichoshika ndicho mlichokubaliana, na hata mfalme hakibadilishi. Mama hashiki mkono wa mwanamume wa nje, kwa hivyo mimi nikawa mkono wake, yeye ananinong'onezea, na binti anamweleza Mmarekani kila kidole kina maana gani.

Nimeshika mikono mingi. Huo haukuwa mkono, ulikuwa godoro. Nilikuwa nabana kidole nikijiuliza ni kidole au ni mkono wa mtu mwingine.

Miaka: minne. Mmarekani akabana vinne. Kurudi nyumbani: mara tatu kwa mwaka. Akabana vitatu. Kuhamishwa shule bila bibi yake kuambiwa kwanza: hilo mama alisema halina kidole, na aape kwa mdomo. Akaapa, mkono mwingine kifuani. Barua ikakunjuliwa. Nikavuta pumzi.

"Bado mbuzi," mama akasema.

Nikamwambia nitaajiri msichana. Akasema msichana wa kuajiriwa anakamua na simu mkononi. Hukumu aitoe mgeni: akishika kidole gumba, aajiriwe mtu; akishika kidole cha shahada, akamue baba yake. Baba yake! Mimi! Katika mji huu mwanamume wa hadhi yangu anakamua ngamia, amesimama, mguu mmoja juu ya goti, watu wanamwona. Mbuzi ni wa akina mama na watoto, unachuchumaa.

Binti akamweleza Mmarekani. Alimweleza kwa Kiingereza kirefu kidogo kuliko swali, hilo nalijua sasa. Nami chini ya shali nikabana kidole gumba cha yule mtu kwa nguvu zangu zote. Nilikibana kama mtu anayezama.

Sijui alielewa nini. Labda alidhani tumemaliza. Uso wake ukajaa furaha, akanifanyia salamu ya wachezaji: akashika gumba, akateleza kiganja, akagonga ngumi, akavuta, akazungusha, shali ikaruka ikaangukia jagi la maziwa, na mbele ya macho ya wote kidole changu cha shahada kikawa ndani ya ngumi yake, na anakitikisa mara tatu.

"Amesema baba," mama akasema.

"Hooyo, huyu hajui! Hiyo ni salamu yao tu!"

"Mtu ameuzwa mara sita, atakosa kujua soko?"

Nikamtazama binti yangu. Angenisihi, ningekataa, mimi sipendi kusihiwa. Hakusihi. Barua ilikuwa wazi juu ya mkeka, na aliiwekea kalamu, na ile mikono mirefu akaikalia, mmoja chini ya kila paja.

Nikasema, "Haye. Nitakamua." Nikaweka sahihi, mikia yote miwili.

Mmarekani akaondoka Jumamosi, na samli ya mama katika chupa ya soda. Baada ya mwezi alituma picha: amesimama nje ya uwanja wa timu yake ya tatu, vidole viwili juu, na nyuma yake askari wa mlangoni anamtazama kama mtu anayemjua na hajui amemjulia wapi. Mama aliitazama sana. Akauliza, "Wamempokea?" Nikasema, wamempokea, Hooyo. Ukweli ni ule ule, upande wenye nyama.

Na mimi kila alfajiri nachuchumaa. Siku za kwanza majirani walikuja ukutani na vikombe vyao vya chai kutazama. Mmoja akaniuliza, "Bwana mkubwa, na kufua unafua?" Sasa hawaji, kwa sababu nimekuwa hodari mpaka haifurahishi. Hakuna mtu Garissa anayekamua mbuzi kama mimi, mwanamume wala mwanamke. Yule mweusi mwenye pembe moja ananifuata mpaka msikitini.

Binti alirudi likizo ya kwanza. Amerefuka tena, aliinama kupita mlango, akaitazama feni, akazunguka pembeni. Nilimuuliza kuhusu mitupo ya bure. Akasema anaingiza tisa katika kumi, na nilimfanya anirudie hiyo mara tatu mbele ya majirani. Alfajiri yake ya kwanza nilimkuta uani ameshatangulia, amechuchumaa, ndoo kati ya magoti, na moyo wangu, sitawaficha, ukaruka kwa furaha. Nikageuka nirudi kulala.

"Msichana!" sauti ikatoka dirishani. "Weka ndoo chini. Ni miaka minne."

Akaiweka. Akasimama ukutani akinitazama nikikunja kanzu, akicheka na mkono mdomoni, na siku hiyo niliijaza ndoo mpaka juu.